Daktari wa kawaida anapikwaje Tanzania? Maswali ninayoulizwa kila matokeo ya kidato cha sita yakitoka

Matokeo yakishabandikwa tu, simu yangu haipumziki. Wajomba, mashangazi, mwalimu wangu wa zamani wa kemia, hata fundi aliyenijengea banda la kuku, kila mmoja ana mtoto aliyefaulu PCB (fizikia, kemia na baiolojia) na anataka kujua njia ya udaktari. Nimechoka kujibu kwa sauti za WhatsApp, kwa hiyo nimeyaandika hapa. Mimi ni daktari, si bingwa, na nimekaa hospitali ya wilaya miaka saba. Ukitaka kujua habari za upasuaji wa moyo, umepotea mlango.

Daktari wa kawaida ni nani hasa?

Ni mtu aliyemaliza shahada ya kwanza ya udaktari, ile tunayoiita MD, akafanya mwaka mmoja wa utarajali, yaani kazi ya mafunzo hospitalini, akasajiliwa na Baraza la Madaktari, na hajasomea ubingwa. Wenzake humwita GP, yaani daktari wa jumla, barua ya ajira humwandika Daktari Daraja la II, na mgonjwa humwita dokta kama anavyomwita kila aliyevaa koti jeupe, kijana wa maabara akiwemo. MD yetu isikuchanganye na ya Marekani. Kule mtu huisoma akiwa tayari ana shahada nyingine, wa kwetu anaingia akitoka kidato cha sita. Kenya na Uganda shahada ya uzito huohuo ni MBChB. Wakenya huisoma miaka sita, Waganda mitano kama sisi.

Ila hilo neno "kawaida" linadanganya. Katika wilaya nyingi huyo ndiye anayepasua, anayezalisha palipoharibika, anayemshughulikia mtoto wa degedege, na anayeitwa mahakamani kueleza jeraha alilolijaza kwenye PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi. Miaka sita anafundishwa na mabingwa, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akimfundisha kipande chake. Hakuna anayemfundisha kuwa huyo mtu mmoja wa vipande vyote. Hilo analijua akishafika kazini.

Mbona "daktari" wa zahanati ya kijijini kwetu hajasoma chuo kikuu?

Kwa sababu ni tabibu. Amesoma chuo cha afya miaka mitatu kwa stashahada ya utabibu, au miwili kwa astashahada, na huyo wa miwili huitwa tabibu msaidizi. Ngazi za huduma zetu zinaanza zahanati, kisha kituo cha afya, hospitali ya wilaya, hospitali ya rufaa ya mkoa, ya kanda, na juu kabisa hospitali ya taifa Muhimbili. Ngazi mbili za chini zimebebwa na matabibu na wauguzi tangu zamani, na mwenye MD kwa desturi anaanza kuonekana wilayani, ingawa siku hizi wapo mpaka kwenye vituo vya afya.

Sababu ni ya kihistoria. Kabla ya uhuru, Mtanganyika aliyetaka udaktari alikwenda Makerere. Shule ya udaktari ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1963, ikawa kitivo cha chuo kikuu mwaka 1968, na ndiyo mzizi wa MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili cha leo, iliyopata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 2007. Nchi nzima haikuweza kusubiri mkondo huo mmoja ujaze mito yote. Ndipo matabibu wakabeba mzigo, na juu yao ikawekwa kada ya Daktari Msaidizi: tabibu mwenye uzoefu aliyerudi chuoni miaka miwili, akafundishwa pamoja na mengine upasuaji wa dharura. Kwa miongo mingi wao ndio waliofanya operesheni nyingi za uzazi wilayani. Kada hiyo sasa inaelekea kwisha, na mimi naisikitikia. Aliyenishika mkono kwenye operesheni yangu ya kwanza bila bingwa alikuwa Daktari Msaidizi mwenye mvi, na hakuna profesa aliyewahi kunieleza jambo kwa maneno machache kama yeye.

Na "mganga"?

Ni cheo cha serikali. Mganga Mkuu wa Serikali, Mganga Mkuu wa Wilaya, Mganga Mfawidhi: hao ni viongozi wa huduma, na wa zahanati anaweza kuwa tabibu. Kibuyu hakihusiki.

Mwanangu ana PCB. Anahitaji alama gani?

Fizikia, kemia na baiolojia, zote tatu kwa kiwango cha principal, yaani kufaulu kamili kwa somo. Alama za chini kabisa hutangazwa na TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, katika mwongozo wa udahili wa mwaka husika, usome huo wenyewe, wala si picha ya mwaka juzi iliyotumwa kwenye kundi la ukoo. Halafu elewa kwamba alama ya chini ni ya kukuruhusu kuomba tu. Wanaoomba MD ni wengi na nafasi ni chache, kwa hiyo Muhimbili wanaingia walio juu sana ya mstari huo. Mwenye alama za kati asiweke chuo kimoja tu. Ipo Bugando kule Mwanza, KCMC Moshi, UDOM Dodoma, tawi la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam lililoko Mbeya, Kairuki pale Mikocheni, St. Francis ya Ifakara, na SUZA, chuo kikuu cha taifa, kwa upande wa Zanzibar.

Mtaniona napendelea, lakini nimefanya kazi na waliosoma vyuo vya hospitali za mikoani na wana jambo lao. Kule wanafunzi ni wachache kitandani. Kwenye hospitali kubwa unaweza kusimama mstari wa tatu nyuma ya bingwa, ukaondoka hujaligusa tumbo la mgonjwa.

Hakufaulu vizuri kidato cha sita, au aliishia cha nne. Ndiyo basi?

Hapana. Anaweza kusoma stashahada ya utabibu miaka mitatu, akifaulu kwa wastani mzuri akaomba MD. Mwongozo wa TCU unaeleza wastani unaotakiwa, na wataangalia pia masomo yake ya sayansi ya kidato cha nne, kwa hiyo vyeti vile visitupwe. Njia ni ndefu kwa hesabu ya miaka, ila mimi ningempa mwanangu bila wasiwasi. Darasani kwetu waliotokea utabibu walisumbuka mwaka wa kwanza na biokemia. Tulipoingia wodini mwaka wa tatu, sisi tuliokuwa tunawacheka ndio tukawa tunawafuata nyumanyuma kujifunza kutafuta mshipa wa mtoto aliyekaukiwa maji.

Miaka mitano wanasoma nini?

Miwili ya mwanzo ni mwili mzima ulivyo na unavyofanya kazi: anatomia, fiziolojia, biokemia, na siku nyingi mbele ya meza yenye maiti ya mafunzo. Kisha magonjwa yenyewe, vijidudu na dawa: patholojia, maikrobaiolojia, famakolojia. Kuanzia mwaka wa tatu wodi zinachukua nafasi ya darasa, na miaka miwili ya mwisho karibu yote inaishia hospitalini, wakizunguka idara ya tiba, upasuaji, watoto, uzazi na magonjwa ya wanawake, na kwa muda mfupi zaidi akili, macho, ngozi na nyinginezo. Wanapelekwa pia kwenye jamii kujifunza afya ya umma, kuhesabu vyoo na kuuliza akina mama kuhusu chanjo. Wanafunzi wengi huliona hilo kama likizo. Ukishakuwa daktari wa wilaya, kipindupindu kikaingia, unatamani ungeandika kila neno.

Kipimo halisi cha mwanafunzi ni raundi ya asubuhi. Anasimama mbele ya kitanda, anamweleza mgonjwa kwa Kiingereza: umri, shida iliyomleta, imeanza lini. Mgonjwa mwenyewe amelala pale anasikiliza watu kumi wakimjadili kwa lugha asiyoijua. Kisha mwanafunzi huyohuyo anatakiwa kumgeukia amweleze kwa Kiswahili figo zimefanya nini. Hapo ndipo wengi hushikwa na kigugumizi, maana hakuna somo lililowafundisha kusema hayo kwa lugha ya mama yao. Mimi nililijifunza kwa wauguzi. Sista mmoja alimwambia mgonjwa, "Baba, chujio lako limeziba," nikajua nimepoteza dakika kumi.

Ni kweli wanadisko ovyo?

Wapo wanaodisko, yaani wanaoondolewa chuoni kwa kufeli, hasa mwaka wa kwanza, na wengi zaidi wanaobeba sapu, mitihani ya kurudia. Ovyo, hapana. Anayeanguka mara nyingi ni yule aliyekuwa wa kwanza shuleni kwao na hajawahi kujifunza kuomba msaada. Kurudia mwaka si aibu. Mgonjwa hatakuuliza ulimaliza mwaka gani.

Ada?

Vyuo vya serikali ni nafuu, vya binafsi ni mara kadhaa ya hapo, na tofauti inazidishwa kwa mitano. Bodi ya Mikopo huzipa fani za afya kipaumbele, lakini kipaumbele si ahadi. Piga hesabu ya familia kana kwamba bumu, ile hela ya mkopo, halitakuja. Kumbuka pia vitabu, koti, stethoskopu, na nauli za hospitali za mafunzo zilizo mbali na chuo.

Utarajali ni nini? Si ameshahitimu?

Amehitimu, ila hajawa daktari kamili. Kwa miezi kumi na miwili anafanya kazi katika hospitali iliyoidhinishwa, chini ya usimamizi, akizunguka idara kuu. Anapangiwa kituo na Wizara ya Afya, na kila idara lazima imsainie kwamba amefanya na ameweza. Bila saini hizo hapati usajili kamili.

Hapa ndipo udaktari unapoingia mwilini. Mtarajali ndiye anayeamshwa kwanza. Ndiye anayechukua damu, anayekimbiza sampuli maabara, anayeandika faili usiku kucha na kulieleza asubuhi kwa bingwa aliyelala vizuri. Akiwa na msimamizi mwema, mwaka huo ni dhahabu. Akikosa, ni kibarua. Mwanzoni mwa utarajali wangu tuliachwa wawili wodi ya watoto wikendi nzima, msimamizi yuko kwenye simu isiyopokelewa. Nilijifunza mengi wikendi ile. Nisingependa mwanangu ajifunze hivyo, na zaidi nisingependa mwanangu awe mmoja wa wale watoto.

Wanalipwa?

Wanapewa posho, na ikichelewa nchi husikia. Mgogoro wa madaktari wa mwaka 2012 ulianzia kwa watarajali wa Muhimbili waliokuwa wakidai malipo yao, ukaishia kuwa mgomo uliotikisa hospitali nyingi. Mzazi, usimkatie mtoto hela ya kula siku anapohitimu. Mpe miezi michache.

Leseni anapewa na nani? Na mbona baraza linaitwa la Tanganyika?

Anapewa na Baraza la Madaktari Tanganyika, MCT, ambalo kwa sasa linafanya kazi chini ya sheria ya mwaka 2017 inayowahusu madaktari, madaktari wa meno na wataalamu wa afya shirikishi. Jina hilo si masalia yaliyosahauliwa kwenye kabati. Afya si jambo la Muungano, kwa hiyo Zanzibar ina baraza lake. Elimu ya juu ni ya Muungano, kwa hiyo TCU ni moja kwa wote. Ndiyo maana kijana wa Pemba na wa Songea wanaomba chuo kwa taratibu za mamlaka moja, wakishahitimu kila mmoja anabisha hodi mlango wake. Ukitaka kuvuka bahari kufanya kazi upande wa pili, ulizia kwanza usajili wa huko.

Leseni pia haikai milele kama cheti cha ndoa. Inahuishwa, na kuhuisha kunataka alama za mafunzo endelevu: semina, kozi fupi, mikutano ya kitaaluma. Daktari aliye porini asiye na mtandao wa maana hutafuta alama hizo kama mtu anayetafuta kuni mvuani.

Akisoma nje?

Wengi wamesoma China, Urusi, Ukraine, Cuba na kwingineko, na wapo waliorudi wakiwa madaktari wazuri sana. Ila fanya mambo mawili kabla ya kumlipa wakala hata senti. Kwanza uliza TCU kama chuo hicho kinatambuliwa. Pili uliza MCT utaratibu wa anayerudi, maana kuna mtihani wa Baraza kabla ya kuanza utarajali, na wapo waliokwama hapo. Tatizo lao kwa kawaida si akili. Wamesoma kwa lugha ambayo hawakuweza kuongea na mgonjwa, wakawa watazamaji wodini. Tena yaliyotokea 2020 kwa waliokuwa China na 2022 kwa waliokuwa Ukraine yametufundisha kwamba chuo kinaweza kukufungia mlango bila kosa lako.

Nchi nyingine GP anasomea ugp wake. Sisi je?

Swali zuri kuliko yote, na huulizwa na wachache. Uingereza, mtu akitoka chuo anafanya miaka miwili ya mwanzo hospitalini, kisha mitatu ya mafunzo maalumu ya udaktari wa jumla, na sehemu yake anakaa kwenye kliniki ya mtaani na daktari wa jumla mwenye uzoefu akimwangalia anavyoongea na wagonjwa. Hapati kuitwa GP hivihivi. Kwetu, GP ni aliyebaki baada ya kuwatoa mabingwa.

Kuna ubingwa wa tiba ya familia. Chuo Kikuu cha Aga Khan kimeufundisha jijini Dar es Salaam kwa miaka kadhaa, na jirani zetu wa Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, walianza wao mwaka 2005. Huyo ni bingwa wa mtu mzima: sukari ya bibi, presha ya babu, kikohozi cha mjukuu na sonona ya mama anayewalea wote, ndani ya chumba kimoja. Lakini waliosoma hivyo bado ni wachache, na mwanafunzi wa MD anaweza kumaliza miaka mitano asikutane hata na mmoja. Akiulizwa anataka kuwa nani, anataja waliomfundisha: mpasuaji, daktari wa watoto, daktari wa akina mama. Hawezi kutamani asichokiona.

Ningekuwa na sauti, nisingejenga chuo kipya. Ningechukua hata miezi sita ya mtarajali nikampeleka kituo cha afya chenye daktari mzoefu wa kumwangalia, akutane na mgonjwa aliyeingia kwa miguu, ambaye bado hajazidiwa.

Ajira ipo?

Uhitaji upo, ajira ni kitu kingine. Mwezi Machi 2017 serikali ilikubali kupeleka madaktari 500 Kenya, ambako madaktari walikuwa wametoka kwenye mgomo mrefu. Waliojitokeza walikuwa madaktari wetu wasio na kazi. Suala likakwamia mahakamani Kenya, na Rais Magufuli akaamuru 258 waliokuwa wamekidhi vigezo waajiriwe hapahapa. Nilimfahamu mmojawapo: alikuwa na leseni, na alikuwa anauza simu Kariakoo. Tangu wakati huo ajira zimetoka kwa mikupuo, kwa mfumo wa maombi ya mtandaoni, na katikati ya mikupuo watu hujitolea, hushika zamu hospitali binafsi, au hufanya kazi kwenye miradi.

Siku ya kwanza wilayani ikoje?

Yangu ilikuwa usiku. Mama wa uzazi wa nne, mtoto amekaa vibaya, kovu la operesheni ya nyuma linaanza kuuma. Nilitaka kumpa rufaa, hospitali ya mkoa ilikuwa saa tatu kwa gari, na gari lilikuwa limepeleka mgonjwa mwingine. Sista wa zamu akaniambia taratibu, "Dokta, huyu hatasubiri." Umeme ulikatika tukiwa tumeshafungua tumbo. Muuguzi wa usingizi akawasha tochi ya simu, akaishika kwa mkono mmoja, mwingine uko kwenye mapigo ya mama. Mtoto alilia kabla jenereta halijawaka. Saa moja asubuhi polisi walikuwa mlangoni na PF3 mbili za ugomvi wa kilabuni, na foleni ya wagonjwa wa nje ilikuwa imeshafika kwenye mwembe.

Hayo yote nilikuwa nimefundishwa, kila moja kwa idara yake. Kuamua lipi kwanza, hakuna aliyenifundisha.

Baadaye abobee au abaki?

Ubingwa ni miaka mitatu au minne mingine, na serikali hufadhili baadhi. Anayetaka aende, nchi inawahitaji. Ila akibaki asiitwe aliyeshindwa. Shangazi zangu wameacha kuniuliza "unarudi lini kusoma" baada ya mmoja wao kupata presha na kugundua kwamba bingwa humpa dakika tano, mimi nampa kiti.

Dokta, mtoto anaogopa damu. Ataweza?

Ataweza. Mimi nilizirai wiki ya pili ya mwaka wa kwanza, na haikuwa damu. Ilikuwa harufu ya formalini, na nilikuwa sijanywa chai.